Moto wa kuota uani: mliochimba, mliojenga, mlionunua, tupeane uzoefu

Mjukuu_wa_Kigezi
Habari zenu wote. Nimerudi juzi kutoka Kabale kwenye matanga ya shangazi. Mnajua baridi ya kule. Moto uliwaka nje mpaka alfajiri, na ndugu zangu, ambao Kampala hatuonani, tulikaa tukaongea hadi sauti zikakauka. Sasa nautaka moto wa namna hiyo hapa kwangu Kajjansi. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, nyumba imekula nusu, ukuta wa jirani uko karibu. Nachagua kati ya kuchimba shimo, kujengea duara la matofali, au kununua bakuli la chuma Katwe. Mliopitia hili, semeni.

Otim_wa_Nyumbani
Chimba shimo, ndugu yangu. Kwetu Acholi tuna wang oo, moto wa jioni wa boma zima. Mzee anasimulia, watoto wanategewa vitendawili, mwenye kesi anasuluhishwa hapohapo. Sisi tuliokulia kambini wakati wa vita tuliukosa. Jua likizama kila mtu ndani, na nani angethubutu kuwasha moto unaoonekana kutoka mbali? Tuliporudi kijijini, baba alifyeka uwanja na kuwasha moto kabla hata ya kuezeka nyumba. Mama akamuuliza tutalala wapi. Akasema kwanza tukae. Kwa hiyo mimi nikisikia watu wanajadili bei ya bakuli la chuma nashangaa. Shimo la kina cha goti na magogo ya kukalia, basi.

Mama_Pacha_Entebbe
Shimo Kajjansi, karibu na kinamasi? Machi mpaka Mei utakuwa na bwawa la mbu. Sisi letu tulilifukia.

Mchomeleaji_Katwe
Mama Pacha kasema kweli. Ukichimba mahali pa maji, weka kokoto nene chini, na hata hivyo sikuahidi kitu.

Kuhusu chuma: usikubali bati la chini ya milimita 3. Jembamba linapinda baada ya mioto michache. Chini kuwe na matundu ya kutoa maji na kuingiza hewa, miguu iliinue ili nyasi zisiungue, na mfuniko wa mvua. Ukitaka moshi upungue, agiza lenye kuta mbili: hewa inaingia chini, inapanda katikati ya kuta, inatokea ikiwa ya moto kwenye matundu ya juu na kuuchoma ule moshi. Kazi yake ni kubwa, bei pia.

La muhimu kuliko yote: usinunue kitu kilichopakwa zinki. Ule moshi wake sisi wachomeleaji tunaujua, unakuletea homa na kutetemeka usiku ukadhani ni malaria. Na pipa kuukuu, uliza kwanza lilibeba nini.

Boda_wa_Mukono
Rimu ya lori. Imeisha hiyo.

Bwera_Girl
Naomba mnisikilize, maana mmetaja kila kitu ila mawe.

Nyumbani ni Kasese. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya 2020 yaliacha mawe kila mahali, laini, ya duara, mazuri kwa macho. Kaka yangu alipomaliza nyumba, fundi akamwambia kununua matofali ni kupoteza pesa, mawe ya mto yapo bure. Akajenga duara zuri kweli. Wiki ile mvua ilinyesha kila siku. Jumamosi ikawa sherehe ya mtoto wa kaka, moto ukakokwa mkubwa, nyama inachomwa, wazee wamevuta viti karibu.

Likalia *paa!* Watu wa Kasese tukisikia mlio kama wa bunduki hatuulizi, tunalala chini. Wengine walikimbilia migombani. Likalia la pili. Mama mkwe wangu hakuweza kukimbia, akabaki kwenye kiti anaita majina yetu. Kumbe ni mawe yanapasuka! Kipande kimoja kilitoboa sufuria. Makaa yakaruka yakamwangukia mpwa wangu mkononi na kwenye paja, gauni lake jipya likashika moto. Nililizima kwa kanga yangu. Kile kilio nakisikia mpaka leo.

Fundi alipoulizwa alisema hajawahi kuona. Simwamini.

Mama_Pacha_Entebbe
Pole sana mwanangu. Mtoto yukoje?

Nuru_Arua
Yesu. Pole dada.

Mchomeleaji_Katwe
Jiwe la mto limekunywa maji. Likipata moto, maji yanakuwa mvuke na hayana pa kutokea. Saruji mbichi nayo hupasuka hivyo hivyo.

Mufumbira
Sisi Kisoro tunatumia mawe ya volkano, yana matundu, sijaona likilia. Ila yakiwa yameloa tunaanza na moto mdogo.

Boda_wa_Mukono
Dada, mlimpaka nini? Ute wa yai unaondoa moto haraka. Bibi yangu ametibu kijiji kizima.

Muuguzi_Jinja
Hapana, kaka. Si yai, si dawa ya meno, si sukari. Maji ya kawaida yanayotiririka, si ya barafu, dakika 20. Vua bangili kabla mkono haujavimba, funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya. Yai bichi linaingiza vijidudu kwenye kidonda.

Boda_wa_Mukono
Kwa hiyo bibi yangu aliua watu?

Muuguzi_Jinja
Sijasema hivyo. Nafunga vidonda hivyo kila wiki, ndiyo maana nasema.

Nuru_Arua
Tumuache bibi jamani. Kuni mnapata wapi? Huku tangu Rais apige marufuku makaa ya biashara kaskazini mwaka 2023, hata gogo la kuni watu wanalitazama vibaya.

Otim_wa_Nyumbani
Na wako sahihi! Miti ya shea imeisha ikipelekwa Kampala kwenye magunia. Chomeni kalitusi, inakua upya.

Boda_wa_Mukono
Kuna vipande vya nguzo za umeme, vikavu, vinauzwa rahisi.

Mchomeleaji_Katwe
USICHOME NGUZO. Ile rangi ya kijani ni dawa ya mchwa, mara nyingi ina aseniki. Iko kwenye moshi, inabaki kwenye majivu, na kuku wako wanachakura hayo majivu.

Bwera_Girl
Asante mama. Mkono umepona, paja limebaki na kovu. Kaka alibomoa, akajenga upya kwa matofali ya kuchoma, na watoto hawavuki mstari aliouchora.

Mjukuu_wa_Kigezi
Dada Bwera, pole, na asante. Mawe nimeyafuta kabisa, shimo pia. Mzee wa Katwe, bakuli la ukuta mmoja, milimita 3, kipenyo gani kwa watu wanane? Na niliweke umbali gani na nyumba?

Mchomeleaji_Katwe
Sentimita 90. Mita 3 kutoka ukutani, zaidi ukipata, na lisiwe chini ya mwembe wala waya. Kwanza simama pale jioni uone upepo unaelekea wapi, usije ukampelekea jirani moshi dirishani.

Otim_wa_Nyumbani
Mwite na yeye aje akae.