Naomba ushauri: kava za krispi za bethidei, kwenye skrini zinapendeza, zikiprintiwa ni aibu

MamaKashata
Habarini za jioni wakuu. Samahani kwa maelezo marefu, nina oda inaninyima usingizi.

Mimi napika kashata na ubuyu hapa Mbagala, nauza mtaani na kwenye shule mbili tatu. Juzi mteja wangu akaniuliza kama naweza kumtengenezea zile pakiti za krispi zenye picha ya mtoto, zinazopangwa mezani siku ya bethidei, kila mgeni anaondoka na yake. Nikasema naweza, maana kukataa hela nako kunahitaji moyo. Pakiti 60, shughuli ni Jumamosi ya wiki ijayo, mtoto anatimiza miaka 5. Krispi zenyewe ni za kiwandani, nachukua katoni Kariakoo. Kazi yangu ni kuzivisha kava tu.

Nina laptopu ya mdogo wangu yenye Photoshop, ile programu ya kutengenezea picha. Nikafungua ukurasa wa A4, nikaweka picha ya mtoto, maputo, maandishi "Rayan ana 5", na nyuma nikamwaga ile kijani inayowaka. Kwenye skrini ilikuwa nzuri mpaka nikamwita jirani aje kuona. Nikatuma steshenari kwa WhatsApp, nikaprintiwa tatu za majaribio.

Sura ya mtoto ina ukungu, kama unamwangalia kupitia kioo cha bafuni. Kijani imekuwa mchicha uliolala. Halafu kava nikilizungusha kwenye pakiti, ncha hazikutani, linabaki pengo kama unene wa kidole kidogo, na jicho moja la mtoto limehamia upande wa nyuma.

Nimekosea wapi? Photoshop ndiyo mbovu, steshenari, au mimi? Natanguliza shukrani.

Chapa_Ilale
Achana na Photoshop, tumia Canva. Dakika tano umemaliza. Mnapenda kujitesa.

FundiLeya
Dada, kabla sijakujibu: pakiti uliipima kwa rula au kwa macho?

MamaKashata
Kwa macho kaka 🙈

FundiLeya
Basi laptopu izime kwanza. Chukua pakiti moja, kula krispi zake (hiyo ndiyo posho ya kazi hii), kata mshono wa nyuma, ikunjue iwe bapa mezani. Pima upana wa mbele na urefu kutoka mdomo hadi mdomo. Rudi na namba mbili.

Na wewe uliyesema Canva: hata Canva itamuuliza ukurasa uwe na ukubwa gani. Atajibu nini?

MamaKashata
Nimepima. Mbele sm 14.5, urefu sm 17. Krispi nimekula na wanangu.

FundiLeya
Safi. Sasa angalia. Mbele 14.5, nyuma 14.5, jumla 29. Ongeza sm 1 ya kupandishia gundi, inakuwa 30. Kava lako ni 30 kwa 17. Karatasi ya A4 ikilala ina sm 29.7. Yaani hata mtoto wa watu ungemchora upya, kava lisingefika. Isitoshe, printa nyingi za steshenari haziwezi kuprinti mpaka ukingoni, kwa hiyo mashine inalipunguza faili lako kidogo ili liingie, halafu wewe nawe unakata ule weupe wa pembeni. Hilo pengo la kidole limetoka hapo.

Fungua ukurasa mpya. Vipimo viwe sentimeta, 30 upana, 17 urefu, azimio pikseli 300 kwa inchi (pikseli ni vile vidoti vinavyounda picha). Photoshop yenyewe itakupigia hesabu: pikseli 3543 kwa 2008. Bonyeza Ctrl+R, rula inatokea juu na kushoto. Kutoka kwenye rula ya kushoto vuta mistari elekezi mitatu: mmoja kwenye 7.25, wa pili 21.75, wa tatu 29.

Katikati ya 7.25 na 21.75 ndiyo mbele ya pakiti. Sura, jina, umri, vyote viishi humo, tena viache angalau nusu sentimeta kabla ya mstari, kwa sababu pakiti iliyojaa ina tumbo na kilicho pembeni kinaonekana kimekimbilia mgongoni. Jicho la mtoto lilihamia kwa mtindo huo. Kuanzia 0 hadi 7.25 ni nusu moja ya nyuma, 21.75 hadi 29 ni nusu nyingine. Ile sm 1 ya mwisho ni ulimi wa gundi, hapo mwaga rangi tu, usiandike kitu.

Ukimaliza, kabla ya kuprinti chochote, kata gazeti la zamani 30 kwa 17, vishia pakiti iliyojaa. Gazeti likikaa, na kava litakaa. Likigoma, umepoteza gazeti tu.

MamaKashata
Mungu akubariki kaka. Gazeti nimejaribu sasa hivi, limekaa kama limeshonewa! Na ukungu je? Nilisoma mahali nikaweka 300, lakini sura ni ileile.

FundiLeya
Picha uliipata wapi, na ina pikseli ngapi kwa upana?

MamaKashata
Mteja alinitumia skrinishoti ya stetasi yake. Inaandika 640.

FundiLeya
Pikseli 640 ukizitandaza kwenye sm 14.5 unapata kama 112 kwa kila inchi. Ulipoandika 300 uliongeza maji kwenye juisi. Glasi imejaa, utamu ni uleule. Photoshop ikikuza picha inabuni pikseli za kujazia, haina kumbukumbu ya kope za mtoto.

Mwambie mteja aitafute picha yenyewe kwenye simu iliyopiga, na asikutumie kama picha, akutumie kama dokumenti. WhatsApp ikipitisha picha kwa njia ya kawaida inaibana. Wewe nawe ukienda kuprinti, peleka PDF kwenye fleshi, au itume kama dokumenti vilevile.

Akikuambia hana nyingine, mweke mtoto mdogo ndani ya duara la sm 5, maputo na jina vichukue nafasi iliyobaki. Duara unalipata hivi: chora umbo la duara, leya (tabaka) ya picha iwe juu yake, bonyeza Ctrl+Alt+G. Picha inaingia ndani ya duara bila kukata kitu, na unaweza kuisogeza utakavyo.

KijanaWaMashine
Mimi niko upande wa kuprinti, Kariakoo. Niongezee mawili matatu.

Kijani ile tunaletewa kila siku, na kila siku tunatukanwa. Skrini yako inatoa mwanga, mwekundu, kijani na bluu, ndiyo RGB. Mashine inapaka wino kwenye karatasi, samawati, majenta, njano na nyeusi, ndiyo CMYK. Wino hauwaki, mama. Kwenye Photoshop bonyeza Ctrl+Y, inakuonyesha rangi zitakavyotoka takriban kwenye wino. Ukiona kijani imenywea hapo, chagua nyingine kabla hujaja kutugombeza. Njano, nyekundu na bluu iliyokolea hazikuangushi sana.

Kuhusu karatasi, usilazimishe A4. Tafuta sehemu yenye mashine ya dijitali inayokula SRA3, ni sm 32 kwa 45. Kava lako la sm 30 linaingia kwenye ule upana wa 32, na mawili yanapangwa moja juu ya jingine, sm 34, bado unabaki na utepe wa kama sm 10 wa kuchapia vibandiko vya chupa. Kava 60 ni karatasi 30, ongeza mbili za kuharibu. Rangi ya mandhari irefushe milimita 3 nje ya kila ukingo, kisu kikiteleza kidogo usione mstari mweupe. Mwambie fundi aprinti kwa ukubwa halisi, asilimia 100, asikubali mashine "iijaze karatasi".

Uzito, chukua gramu 130 au 150 ya kung'aa. Ile ya gramu 80 ni ya barua, nembo ya kiwanda itachungulia kwa chini. Ukipanda gramu 250 kava linakuwa boksi, halikunjiki vizuri na rangi inapasuka kwenye mkunjo.

Bi_Mkubwa_Kimara
Mwanangu, na usifanye kosa langu. Mimi nilitaka kujifanya wa kisasa, nikachagua karatasi ya kaki kwa kitchen party ya mpwa wangu, maandishi nikaweka meupe. Zikatoka kaki tupu. Nikamvaa yule kijana wa printa, naye akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hii mashine haina wino mweupe. Nyeupe yako ni karatasi." Nililipa, nikanyamaza, nikaenda kununua kalamu ya kuchorea nikaandika kwa mkono kava 40.

Chapa_Ilale
Kwa hiyo mnafunika pakiti yote? Tarehe ya mwisho wa matumizi itaonekana wapi? Watoto wanakula tu.

FundiLeya
Leo umesema neno. Dada, geuza pakiti utazame tarehe na viambato viko wapi. Kama viko nyuma, usibandike kava moja kwa moja kwenye pakiti, bandika ulimi wa kava kwenye ncha yake ya pili tu liwe kama gauni, linavuka likitaka kuvuliwa. Au andika tarehe hiyohiyo kwa maandishi madogo upande wa nyuma wa kava, inavyosomeka kwenye pakiti. Na kama kuna karanga ndani, iandike, kuna watoto zinawadhuru.

KijanaWaMashine
Na pakiti usiifungue ukahamishia krispi ndani ya karatasi uliyoprinti. Wino wetu haukutengenezwa kugusana na chakula. Kava ni nguo ya nje.

Mwanasheria_Uchwara
Angalizo dogo. Kava la sherehe ya mtu ni pambo. Ila siku ukianza kuzipanga dukani kwa jina lako juu ya krispi za mwingine, hiyo ni habari nyingine kabisa. Ukitaka bidhaa yako, pakia ubuyu wako na kashata zako, nenda SIDO, wale wa viwanda vidogo, wakuelekeze, halafu TBS, shirika la viwango, maana tangu 2019 masuala ya chakula yako kwao. Na hao katuni wa sinema za nje kila mtu anaowabandika wana wenyewe. Maputo na nyota hayana mwenyewe.

MamaKashata
Nimeelewa. Gundi gani sasa? Ya fimbo niliyotumia ilibanduka mchana wa saa nane ndani ya chumba.

Bi_Mkubwa_Kimara
Selotepu ya pande mbili, mwanangu, ile nyembamba. Joto la Dar na gundi ya fimbo hawaelewani. Na ukitoka Kariakoo na hizo karatasi usizikunje, zitie kwenye boksi bapa. Basi la mwendokasi la jioni halibembelezi mtu.

MamaKashata
MREJESHO: Wakuu, shughuli imeisha salama!

Mteja aliipata picha halisi kwa shangazi wa mtoto, pikseli elfu tatu na ushee, ukungu kwisha. Kijani nilipobonyeza Ctrl+Y ikanywea mbele ya macho yangu, nikaenda na bluu na njano. Steshenari yangu ya mtaani hawana SRA3, nikapanda Kariakoo. Pale nilisimama nyuma ya kijana mpaka nikaona kwa macho yangu ameandika 100. Akaniuliza, "Mama wewe ni dizaina?" Nikasema ndiyo.

Tatu ziliharibika, mbili kisu, moja mwanangu aliivisha rimoti. Utepe uliobaki nilichapa vibandiko vya chupa za maji, mteja hakuviagiza, akaongeza hela mwenyewe. Kikwazo kimoja tu: mwenye bethidei aliwakataza watoto wenzake kuchana sura yake, ikabidi tuvue kava zote kwanza ndipo waruhusiwe kula. Nikashukuru sikubandika kwenye pakiti.

Sasa rafiki wa huyo mteja anataka 100 za komunio. Picha ameshatuma.

FundiLeya
Hongera dada. Ina pikseli ngapi?

MamaKashata
Ni skrinishoti ya stetasi 😭

FundiLeya
Irudishe.