Mubashara kwenye mafuriko Jangwani: mtangazaji asimame wapi?

Mleta mada
Wakuu, masika hiyo inabisha hodi. Dawati la habari linataka mtangazaji aonekane ndani ya maji Jangwani, Dar es Salaam, na upepo ukivuma ahamie Coco Beach. Timu ni watatu: mtangazaji, mpiga picha na dereva. Makoti na mabuti ya mvua yapo. Nini kingine kinahitajika, na "hapa basi" iwe wapi?

Lenzi_ya_Bondeni
Mkuu, asiingie majini kabisa. Maji ya mto Msimbazi yakishakuwa rangi ya chai ya maziwa huoni unapokanyaga, na mfuniko wa chemba ukinyanyuliwa na maji linabaki shimo linalovuta. Mabuti yakijaa ndiyo yanakuzamisha. Maji yanayokimbia, kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuelea gari dogo. Tena vyoo vya bondeni vinafurikia humo humo, na mkojo wa panya umo pia: mchubuko mdogo mguuni ni mlango wa homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo huo.

Anayesahauliwa ni mpiga picha. Jicho liko kwenye kamera, anarudi kinyumenyume. Dereva ashuke, amshike mkanda wa suruali kwa nyuma, macho yake yaelekee mto unakotokea. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu. Mvua ikinyesha huko, huku Jangwani jua linaweza kuwaka na maji bado yanapanda.

Fundi Mitambo
Naongezea upande wa gari la matangazo. Kabla ya kupandisha mlingoti wa antena, shuka utazame juu: nyaya za umeme. Radi ikimulika, hesabu mpaka ngurumo. Isipofika sekunde 30, shusha mlingoti, ingieni garini, fungeni vioo, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mkiwa na begi la kurushia matangazo kwa laini za simu, mtangazaji anaweza kuongea akiwa ndani ya gari. Mtandao ukikatika, rekodi, utume baadaye.

Mama Habari
Upepo ukitulia watu hulegea, na hapo ndipo pabaya. Mei 2018 huko North Carolina, Marekani, mtangazaji na mpiga picha wa kituo cha WYFF walikufa baada ya mti kuangukia gari lao. Ardhi ilikuwa imelowa mno, mizizi haikushika. Kwa hiyo Coco Beach msiegeshe chini ya mvinje hata kama hakuna upepo. Njia ya kurudi pia ikaguliwe kabla ya kwenda: wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ya Lindi ilikatika Somanga.

Mleta mada
Asanteni sana. Na dawati likishikilia?

Lenzi_ya_Bondeni
Wapeni picha ya kutoka juu, upande wa Magomeni. Mto wote unaonekana, na nyumba zilizozama. Mkifika tu chagueni alama, nguzo au ngazi ya nyumba. Maji yakiigusa mnafungasha, hata kama mtangazaji yuko hewani. Anayeamua ni aliyeko eneo, na dawati likubali hilo kabla gari halijatoka getini.