Minnesota Clay: nani kamfufua stelingi? Muuzaji nirudishie hela yangu

Wakuu heshima kwenu, leo nina hasira mnivumilie. Nimenunua Minnesota Clay, muvi ya kauboi ya Kiitaliano ya 1964 ya mwongozaji Sergio Corbucci, kwa jamaa mmoja anauza muvi za zamani mtandaoni, tangazo kaandika "orijino, haijakatwa", kava kaweka sura ya Clint Eastwood ambaye humu ndani hayupo hata sekunde moja!! Stelingi ni Cameron Mitchell. Haya, la kava nikalimeza.

Kwa wasioijua, Clay ni mtaalamu wa bastola, kafungwa kambi ya kazi ngumu kwa mauaji wakati aliua akijitetea, na mtu anayeweza kumsafisha ni Fox ambaye kauchuna makusudi. Jamaa anatoroka, anarudi mjini anakuta huyo huyo Fox ndo sherifu, anawakamua wananchi hela za ulinzi, upande wa pili kuna jambazi Ortiz na genge lake, halafu binti yake Nancy yupo pale pale na hajui kama huyu ndo baba yake. Juu ya yote macho yanamfia taratibu, mtu anayeishi kwa shabaha!

Ile fainali ya usiku ndo utamu wenyewe. Haoni kitu, anategea sikio tu, adui akijitikisa kidogo anafyatua kule sauti ilikotokea, na wewe huku kwenye kochi umebana pumzi usije ukamchanganya. Fox anakufa, Clay naye hoi, anaanguka, kwisha. Ipo kopi inayoishia hapo hapo.

Sasa ya kwangu mimi, nimeshaanza kusikitika vizuri kabisa, mara kinatokea kipande kingine, jamaa kapona, mzima, anaaga watu anajiondokea zake!! Kumbe nimeuziwa ile kopi yenye mwisho wa furaha. Najua stelingi hafi, tumekulia mabanda ya video wote hapa, ila Corbucci ndo mtu wa kuwatesa mastelingi, Django 1966 anapondwa mikono, The Great Silence 1968 stelingi bubu anauawa kwenye theluji na adui anaondoka zake (na hiyo nayo walishuti mwisho wa furaha pembeni, yaani hawa watu sijui wana shida gani). Clay ndo mwanzo wa hayo yote, ukimponya umebakiwa na kauboi wa kawaida tu.

Na asije mtu hapa kusema imeiga A Fistful of Dollars, ile kauboi ya Sergio Leone. Ile imetoka Septemba 1964, hii Novemba mwaka huo huo, muvi unaiga na kuishuti na kuiachia ndani ya miezi miwili?? Tena Leone alijificha kwa jina la Bob Robertson watu wadhani ni Mmarekani, Corbucci kaweka jina lake mwenyewe bila kuogopa.

Nimemwandikia muuzaji kanijibu "bro si kapona lakini, ulitaka afe?"

NILITAKA AFE NDIO, NIMELIPIA AFE. Mwenye ile kopi ambayo Clay anakufa, hata kama haina sabutaito, anicheki pm, na wewe muuzaji najua unapita humu, hela unatuma au hutumi?