Tour de France Julai 2026: njia hii itabaki na utamu mpaka mwisho au Pogačar ataimaliza mapema?

pedeli_mwera
Assalam aleikum wana baskeli. Jana usiku nimekaa barazani na ramani ya Tour ya 2026, yale mashindano makubwa ya baskeli ya Ufaransa, kwenye simu, inaanza Barcelona tarehe 4 Julai inamalizikia Paris tarehe 26, hatua 21 (kila hatua siku yake), kilomita 3,333. Mie naona waandaaji wameogopa yasirudi yale ya 2025, pale mlima wa Hautacam hatua ya 12 Pogačar, bingwa wa mwaka huo, alipomwacha mpinzani wake Vingegaard dakika 2 na sekunde 10, huku kwetu watu wakazima tivii wakenda zao. Safari hii milima mizito wameirundika mwisho, mlima wa Alpe d'Huez siku mbili mfululizo, tarehe 24 na 25. Suali langu, kuna anoamini tutafika huko bado haijaamuliwa? Na Remco Evenepoel, yule Mbelgiji fundi wa kushindana na saa, ana chake kweli, maana mbio za saa za mtu peke yake ni moja tu, kilomita 26? Nataka nijue siku zipi nifunge duka mapema.

bint_wete
Waaleikum salaam kaka. Usiangalie mwisho tu, tazama tarehe 9. Siku ya sita tu washapandishwa milima ya Aspin na Tourmalet, na Tourmalet ni mita 2,115 kutoka usawa wa bahari, mtu kama Pogačar akijisikia siku hiyo hangoji Alps. Mie nishapanda vilima vya njia kongwe ya Chake kuja Wete na gunia la mbatata nyuma, najua, anokuacha kilimani kwanza humpati tena.

kusi_kavu
Dada yangu hapo sikubaliani. Tourmalet ipo mbali na mwisho, wakishateremka kuna mpando wa Gavarnie ambao si mkali, na mpando usio mkali aloko nyuma ya mgongo wa mwenzake anapumzika, aloko mbele peke yake anakula upepo wote. Sie tukenda Makunduchi mwezi wa saba kusi inatupiga usoni, mtu mmoja akitangulia hafiki Tunguu keshachoka, lakini tukipokezana tunafika tunacheka.

Kitu mnachokipita ni siku ya kwanza. Kilomita 19 Barcelona, timu nzima pamoja, tangu 1971 Tour haijafunguliwa na mbio za timu. Na utaratibu wao kila mtu anahesabiwa saa yake mwenyewe, na mwisho ni kupanda Montjuïc, kwa hiyo wenzake watamvuta bosi kule chini halafu juu anawaacha anajikimbilia. Vingegaard akiwa na timu nzuri hapo hapotezi kitu.

Remco sasa. Mwaka 2025 pale Caen kilomita 33 aliwashinda wote lakini Pogačar alikuwa nyuma yake sekunde 16 tu. Basi kwenye 26 atapata nini cha kumtosha Alpe d'Huez? Labda jukwaani, nafasi ya tatu.

pedeli_mwera
Sekunde 16 haifiki hata kufunga kamba ya kiatu 😂 Haya, na hiyo Alpe d'Huez mara mbili si kurudia tu?

kusi_kavu
Hata. Ijumaa wanapanda kwa njia yenyewe, kona 21, kilomita 13.8, kila mita 100 unapanda mita 8. Yakhe, pandisha kilima cha Masingini mara saba juu ya nyengine bado hujafika. Jumamosi ndo balaa, milima ya Croix de Fer, Télégraphe, Galibier mita 2,642, halafu wanaingilia nyuma kwa mlima wa Sarenne, jumla kama mita 5,600 za kupanda siku moja. Aloficha uchovu siku zote hizo, hapo unatoka. Mtu anaweza kupoteza dakika tano akiwa na jezi ya njano, ile ya anoongoza, mgongoni.

bint_wete
Sawa Jumamosi nakubali. Lakini mie bado nasema tofauti itakuwa ishapatikana, Jumamosi watagombania nafasi ya pili.

mzee_wa_gia
Duka ufunge tarehe 9, 19, 21, 24 na 25. Tarehe 19 ni Plateau de Solaison, mkali wallahi, na usiku saa nne fainali ya Kombe la Dunia, siku hiyo hata usifungue. Tatizo moja, mara nyingi wanamaliza karibu na Magharibi, kwa hiyo chukua udhu mapema.

pedeli_mwera
Ya tarehe 19 nshamwambia mke wangu, kanuna.