Sungura wangu mzee ana maradhi yasiyoisha. Niendelee kumpeleka hospitali au nimwache atulie?

Mama_wa_Pamba (Kibaha)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Naomba msinicheke, ingawa najua wapo watakaocheka. Nina sungura anaitwa Pamba, dume, mweupe, Desemba anatimiza miaka minane. Alikuwa wa binti yangu, alimnunua akiwa darasa la saba kwa hela aliyokuwa akidunduliza kutoka kwenye nauli. Sasa binti yuko chuo Dodoma na aliyebakiwa na mzigo ni mimi. Pamba anaishi na jike mmoja mweusi, Kaniki, ambaye ni mzima kabisa.

Mwaka jana mwezi wa tatu aliamka shingo imepinda, macho yanacheza, akijaribu kusimama anabingirika. Daktari akasema ni vimelea vinavyoingia kwenye ubongo na figo, akampa dawa ya kuua vimelea hivyo, fenbendazoli, siku 28. Alipona nusunusu: shingo imebaki upande, miguu ya nyuma imelegea. Baadaye ikaja shida ya figo. Baada ya figo magego yakaanza kuota ncha zinazomkata ulimi, kwa hiyo kila wiki sita au saba lazima apigwe dawa ya usingizi yasagwe. Alikuwa na kilo 2.1. Jumapili nimempima kwenye mizani ya unga, 1.6.

Kilichonileta hapa ni hiki. Mwezi uliopita nilimpeleka Dar mara nne: meno, damu, damu tena, halafu sindano za antibayotiki. Kutoka huku hadi huko, foleni ya Kimara, kikapu kwenye magoti, joto lile mnalijua. Akirudi anajibana kwenye kona siku mbili tatu hataki kula. Nilikaa nikahesabu kwenye kalenda: siku kumi na moja za mwezi ule Pamba alikuwa anauguza safari, si ugonjwa. Na sasa nimeambiwa nimrudishe kwa picha na damu nyingine.

Pesa nayo ni jambo, sitadanganya, ila siyo inayonikosesha usingizi. Najiuliza kama namtibu au namsumbua. Nikisema niache, naona nimemtupa. Na binti akipiga simu salamu yake ni moja: "Mama, Pamba kala?"

Siku akiwa vizuri anakula matembele mpaka anasinzia na jani mdomoni, Kaniki anamlamba masikio, na alfajiri akisikia mlango wa friji anajikokota kuja jikoni. Siku za namna hiyo bado zipo.

mzee_wa_mbuzi

Sungura? Huku kwetu hiyo ni mboga, mama. Ungemchinja akiwa na kilo mbili.

Kijana_wa_Mazimbu (Morogoro)

Mkuu hapo juu, mnyama aliye kwenye dawa haliwi. Tafuta mboga kwingine.

Mama, shikamoo. Nasoma tiba ya mifugo, mwaka wa nne, kwa hiyo yachukue haya kama maneno ya mwanafunzi. Mwenye neno la mwisho ni daktari aliyemshika.

Naona matibabu yote umeyafunga kwenye furushi moja, ndiyo maana kuacha kunaonekana ni kumtupa. Fungua furushi. Chukua moja moja ujiulize, hili Pamba atalionja wiki hii? Meno ya sungura hayaachi kukua hadi anakufa. Zile ncha zisiposagwa atakaa na njaa huku chakula kiko mbele yake. Kwa hiyo meno usiache, hiyo ndiyo raha yenyewe. Dawa ya maumivu usiache pia, ila kwa sababu ya figo, kiasi cha meloksikamu, yaani hiyo dawa ya maumivu, akupangie daktari, usiongeze hata tone kwa kumwonea huruma.

Damu sasa. Muulize daktari wako hivi: majibu yakija mabaya, tutabadilisha nini? Akikuambia kuna dawa atabadili, nenda. Akikuambia hakuna, kipimo hicho kinatutuliza sisi, yeye hakimsaidii. Antibayotiki vilevile, uliza kama bado zina kazi. Maji ya kuchomwa kwa sindano chini ya ngozi kwa ajili ya figo, omba ufundishwe uwe unampa mwenyewe sebuleni. Watu wenye paka wa figo hufanya hivyo nyumbani na hawajasomea chochote. Ukiyapanga hivyo safari nne zinaweza kubaki moja, ile ya meno.

Na hiyo moja nenda na Kaniki, kikapu kimoja. Siku ya usingizi mtu asikuambie umnyime chakula tangu usiku kama mbwa. Sungura hatapiki, na tumbo lake likikaa tupu ndipo linapogoma.

Lingine, maana nimeliona: msimpe amoksilini iliyobaki kabatini, ya vidonge wala ya maji. Kwa mdomo inaua bakteria wazuri wa tumbo la sungura, na mara nyingi inamwua naye.

Bi_Likoni (Mombasa)

Pole sana dadangu. Wangu wa kike alikaa miaka miwili na shingo upande, na nyumba nzima ilikuwa chini yake, hata paka alikuwa akimwomba njia. Shingo isikutishe.

Mimi niseme ya ndani ya nyumba, maana hospitali mwenzangu kaeleza. Kama una marumaru, tandika zulia kuukuu au mablanketi kote anakopita. Miguu iliyolegea kwenye sakafu inayoteleza inachoka upesi, na nyayo zinachubuka mpaka vidonda. Taulo zisokote kama ngata ndefu uziweke pande mbili za malazi yake, apate pa kuegemea asibingirike. Chupa ya kunyonyea maji iondoe, weka bakuli la udongo zito, fupi. Majani yape yakiwa yamelowa, hayo nayo ni maji kwa mwenye figo.

Halafu nyuma. Kila asubuhi na kila jioni mwinue umtazame nyuma, usisahau hata siku moja. Sungura ana kinyesi laini anachokila mwenyewe kwa kujikunja, na mgongo ukikataa kukunjika kinagandia kwenye manyoya. Ongeza mkojo, ongeza nzi wa pwani, kesho yake una funza ndani ya ngozi. Sifanyi mzaha, yalinikuta. Osha pale tu palipochafuka kwa maji vuguvugu, kausha kabisa, usimzamishe mwili mzima. Mchana mfunike na chandarua, kile cha kitanda cha mtoto kinatosha.

Joto likizidi, jaza chupa maji uigandishe, ivalishe kanga, mlazie ubavuni. Wangu alikuwa akiikumbatia.

sungura_biashara (Ruiru)

Mimi nitasema ile kitu wengine wanazunguka. Nafuga sungura zaidi ya sitini, nimewaona wakizeeka na nimewaona wakifa. Kutoka 2.1 hadi 1.6 ni karibu robo ya mwili imeenda. Sungura haonyeshi maumivu, kwa sababu msituni mgonjwa ndiye huliwa kwanza. Siku wewe umejua anaumwa, yeye amejua kitambo.

Mama, nakuuliza kwa heshima. Unamweka kwa ajili yake, ama unangoja msichana afunge shule?

Bi_Likoni (Mombasa)

Ndugu wa Ruiru, punguza makali. Wa biashara na wa sebuleni hawapimwi kwa mizani moja. Huyu bado anafuata friji.

sungura_biashara (Ruiru)

Sijasema amuue leo. Nimeuliza swali.

Mama_wa_Pamba (Kibaha)

Swali lako limenifika, ndugu yangu. Chuo kinafunga mwezi wa saba, na ndiyo, nimekuwa nikihesabu. Jana usiku nimelia kidogo, nikapata nguvu nikampigia binti. Nilimsomea ulichoandika. Akanyamaza, kisha akasema, "Mama, usimchoshe kwa ajili yangu." Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

Sasa nielezeni, nitajuaje siku yenyewe? Naogopa kuwahi na naogopa kuchelewa.

Kijana_wa_Mazimbu (Morogoro)

Kuna kipimo cha daktari mmoja wa Marekani, Alice Villalobos, kinatumika zaidi kwa mbwa na paka lakini mantiki yake inakubali hata huku. Mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na siku njema kuzidi mbaya. Kila moja unampa alama kuanzia 0 hadi 10. Ikizidi 35 jumla, bado kuna maisha ya kulinda. Mimi binafsi siipendi sana ile jumla, kwa sababu kutembea kunaweza kuwa 2 na mnyama akawa na raha zake, ila maumivu yakiwa 2 hakuna hesabu nyingine ya kuyafidia.

Kwa Pamba tazama mkao. Akijikunja kama mpira, macho nusu, anasaga meno kwa sauti kali, hayo ni maumivu. Ule mlio mwororo wa meno akiwa anapapaswa ni kitu kingine, hiyo ni raha, usichanganye. Tazama vidonge vya kinyesi: vikiwa vidogo na vichache, tumbo linapunguza mwendo. Saa kumi na mbili bila kula wala kinyesi ni dharura ya siku hiyohiyo. Uji wa nyasi kwa bomba la sindano lisilo na sindano unasaidia, lakini tumbo likiwa limejaa na gumu usimlishe kwa nguvu, mpigie daktari kwanza.

Na ikifika, mwombe daktari ampe kwanza dawa ya kumlaza usingizi mzito, ndipo sindano ya mwisho. Isianze ya mwisho akiwa macho. Hilo omba mapema, siku hiyo utakuwa huna sauti.

Bi_Likoni (Mombasa)

Mimi sikuwa na alama. Nilichagua vitu vitatu alivyovipenda zaidi, nikaviandika nyuma ya kalenda akiwa bado ana nafuu: kotimiri, kulala kizingitini jua la asubuhi, na kumpanda mwenzake kichwani. Nikajiambia, viwili vikiondoka napiga simu. Kila jioni nilichora duara au msalaba. Jua la asubuhi liliondoka kwanza. Kotimiri ikaondoka Ijumaa moja, nikampigia daktari Jumamosi, akaja nyumbani. Alilala kwenye mapaja yangu.

Mwili usiuondoe upesi. Mwenzake nilimwacha naye saa nzima. Alimnusa, akamlamba sikio, kisha akageuka akaenda kula. Hakumtafuta tena. Wale ambao mwenzao huondolewa ghafla huzunguka siku nyingi, wengine hugoma kula.

mzee_wa_mbuzi

Mama Pamba, nisamehe kwa lile la mboga. Nimesoma mpaka huku. Nina mbwa wa miaka kumi na tatu.

Mama_wa_Pamba (Kibaha), wiki tano baadaye

Narudi na habari.

Nilimuuliza daktari lile swali la damu. Alicheka kidogo, akasema ukweli hapana, dawa zisingebadilika. Damu na picha tumeziweka kando, antibayotiki zimekwisha. Maji ya ngozi nampa mwenyewe, siku ya kwanza mikono ilitetemeka mpaka jirani akaja kunishikia. Meno tumekwenda mara moja, tumeondoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, Kaniki ndani. Alikula siku hiyohiyo jioni. Matembele matatu, niliyahesabu.

Uzito haujapanda, 1.6 ileile, Jumapili nyingine 1.55. Sijidanganyi kuwa anapona. Daktari anasema figo zinakwenda tu, na amekubali kuja Kibaha akiitwa, nauli juu yangu.

Nyuma ya kalenda tumeandika na binti kwa simu, mimi nashika kalamu yeye anataja: matembele, friji, kulambwa masikio. Mwezi huu nina maduara ishirini na mbili na misalaba sita. Misalaba mitatu imefuatana wiki iliyopita, lile wimbi la joto, nikadhani ndiyo yenyewe. Chupa ya barafu na kanga vikamrudisha. Ndugu wa Ruiru, nilikukumbuka siku hizo tatu, nikasema nikifika wa nne sitangoja mwezi wa saba.

Binti anakuja Ijumaa kwa siku mbili, kaomba ruhusa. Pamba kafika jikoni leo asubuhi, kaanguka ubavu pale mlangoni, kainuka. Taulo zake zimeloa, ngoja nikazifue kabla jua halijaondoka.