Mrejesho: kamera ndogo ya kupandia Mlima Meru

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kamera gani ndogo inafaa kwa siku nne za Mlima Meru, bajeti yangu ikiwa ya kubana. Wengi mlisema nisikimbilie toleo jipya, nichukue ya mtumba iliyo safi, na hela itakayobaki ninunue betri za ziada. Ndivyo nilivyofanya. Asanteni sana.

Ushauri wa betri ndio ulioniokoa. Kule kibanda cha Saddle, mita kama 3,570, nililala na betri tatu ndani ya soksi, nimezibana tumboni ili baridi isizimalize chaji. Moja niliisahau kwenye kamera. Jioni ilikuwa imejaa, lakini tulipoanza kupanda saa saba usiku ilizima baada ya dakika chache tu. Zile nilizolala nazo zilifika hadi kileleni. Kuzima waifai nako kulisaidia.

Mkanda wa kifuani haukunifaa. Ukiinama kwenye mwinuko, kamera inatazama viatu, kwa hiyo video za siku ya kwanza karibu zote ni changarawe. Siku ya pili niliifunga kwenye mkanda wa begi, begani, ikakaa sawa. Usiku haikuona chochote zaidi ya duara la tochi, hivyo video ya Rhino Point, sehemu tuliyopita njiani kwenda kileleni, sina kabisa.

Ila alfajiri ninayo: jua linapanda upande wa Kilimanjaro, mdogo wangu analia huku anacheka. Na mkuu uliyesema nifute lenzi kwa kitambaa kikavu kila kabla ya kurekodi, Mungu akubariki. Ukungu wa msituni ulikuwa mzito kweli.