Picha yangu ya mlango inauzwa kwenye kalenda, nifanyeje?

MtotoWaMkunazini:
Wakuu, heshima kwenu. Mwaka 2019 nilipiga picha ya mlango wa zamani Mji Mkongwe, wa misumari ya shaba, paka mweupe kajilaza barazani. Nikaipakia Wikimedia Commons, ile hazina ya picha huria mtandaoni, kwa leseni ya CC BY-SA 4.0 inayoruhusu yeyote aitumie kwa masharti, nikasahau. Juzi niko kwa kinyozi Kariakoo, nainua macho ukutani: mlango wangu, mwezi wa Agosti! Kalenda inauzwa elfu kumi na tano, jina langu halipo hata kwa herufi za sisimizi. Nikawapigia waliochapa, wakanijibu, "Tumeitoa mtandaoni, ni ya bure." Naweza kuifuta hiyo leseni niwadai?

Kijiwe_Nongwa:
Umemwaga mtama penye kuku wengi, sasa unadai risiti?

Dada_Kanuni:
Nongwa, taratibu. Picha bado ni yake, alichotoa ni ruhusa yenye masharti. Mtoa mada, kuuza wanaruhusiwa, hapo huna kesi. Leseni nayo haifutiki. Hata ukiiondoa picha leo, walioichukua kwa kufuata masharti wanabaki na haki yao. Ila hawa hawakufuata: walitakiwa wakutaje, waonyeshe leseni na kiungo chake. Wasipofanya hivyo ruhusa inakatika yenyewe. Toleo la 4.0 linawapa mwanya, wakirekebisha ndani ya siku 30 tangu wagundue kosa, ruhusa inarudi. Kwa hiyo waandikie barua yenye tarehe, usiishie kwenye simu.

Kijiwe_Nongwa:
Si angeweka tu "marufuku biashara"?

Dada_Kanuni:
Commons hawapokei picha za leseni hiyo.

Fundi_Chapa:
Mimi niko kwenye uchapaji. Kalenda zikishatoka mashineni hakuna atakayezirudia kwa sababu ya jina. Waombe wabandike stika kwenye zilizobaki dukani, na wakulipe chochote kwa zilizokwisha kuuzwa. Kwanza jua wamechapa ngapi. Kama ni mia tatu, wakili atakula zaidi yako.

Mzee_wa_Gerezani:
Kijana, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, na ushahidi wako. Usiogope kwamba hukuisajili, hakimiliki inaanza pale unapopiga picha. Sheria ni ile Na. 7 ya 1999. Kalenda ingekuwa imechapwa na kuuzwa Unguja ningekwambia COSOZA, ya Zanzibar, wale wana sheria yao.

Kijiwe_Nongwa:
Swali la kweli sasa. Hiyo SA kwenye leseni, sharti la kutoa kwa leseni ile ile, si inawalazimisha waachie kalenda nzima huria?

Dada_Kanuni:
Hapana, kalenda ni mkusanyiko tu. SA inawabana wakiibadili picha yenyewe. Wameigusa?

MtotoWaMkunazini:
Wamempaka paka rangi. Alikuwa mweupe, kwao ni wa dhahabu.

Dada_Kanuni:
Hahaa! Basi walitakiwa waseme wameibadili, na hiyo yenye paka wa dhahabu waitoe kwa leseni ile ile. Yaongeze yote kwenye barua. Faili la kamera unalo?

MtotoWaMkunazini:
Ninalo, shikamoo dada. Na siyo moja. Nilipiga nne mfululizo: kalala, kafungua jicho, kasimama, ya mwisho mkia tu unaingia mlangoni. Barua naipeleka Jumatatu kwa mkono, wanisainie nakala.

Fundi_Chapa:
Na kalenda moja inunue, utunze risiti.